Mashine Iliyofunzwa na Lugha Isiyo Yake: Tafakuri Kutoka Mashamba ya Mihogo ya Handeni na Korogwe

1.0 Utangulizi

Barabara kuu itokayo Chalinze kwenda kaskazini hufika Segera, katika Wilaya ya Handeni, na hapo hugawanyika. Mkono mmoja huelekea Muheza na Tanga. Mkono wa pili huvuka kwenda Korogwe, Mombo na hatimaye Moshi. Abiria anayeshuka Segera kubadili basi huweza kusikia Kizigua, Kibondei, Kisambaa na Kiswahili katika muda ule ule wa kununua chungwa na kulimenya. Guthrie aliziweka baadhi ya lugha hizi katika makundi mbalimbali ya ukanda wa G. Wanaisimu linganishi waliokuja baadaye, wakiwemo Nurse na Philippson, wameonyesha kwamba Kizigua, Kingulu, Kibondei na Kisambaa ni ndugu wa karibu, na wakaziita kwa jina moja, Seuta. Wenyeji hawakusubiri uthibitisho huo. Mzigua wa Kabuku na Msambaa wa Magoma husikilizana kwa kiasi, na pale wanaposhindwa hukimbilia Kiswahili.

Katika eneo hili la lugha nyingi limeingia swala ambalo kwa mtazamo wa kwanza si la wanaisimu hata kidogo. Swala lenyewe ni hili: mashine ikishafunzwa kazi fulani kwa kutumia lugha moja ya programu, itawezaje kuifanya kazi hiyo ndani ya lugha nyingine? Mafundi wa kompyuta hulichukulia kuwa ni jambo la ufundi tu, lenye majibu ya kifundi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ni swala la lugha kwa maana kamili ya neno hilo. Kila kitu kinachovushwa kutoka lugha moja kwenda nyingine huwa na sehemu inayovuka na sehemu inayobaki ng'ambo. Katika mashamba ya Handeni na Korogwe, ile sehemu inayobaki ng'ambo yaweza kuwa chakula cha nyumba kwa mwaka mzima.

2.0 Muhogo na maradhi yake

Uchaguzi wa muhogo kama mfano haukufanywa kwa bahati. Maradhi mawili makubwa ya zao hili katika Afrika ya Mashariki yana historia ya karibu mno na milima inayotazamana na Korogwe. Ugonjwa wa batobato ulielezwa katika maandishi ya kisayansi kwa mara ya kwanza mwaka 1894 na Mjerumani Warburg, katika kazi yake kuhusu mimea ya Usambara. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia ulielezwa mwaka 1936 na Storey, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, katika Usambara ya Mashariki. Kwa hiyo magonjwa yote mawili yalipata majina yao ya kitaalamu katika mkoa huu mmoja, kwa lugha za kigeni, wakati wakulima walikwisha kuyaona shambani.

Tofauti baina ya maradhi haya ni muhimu kwa hoja itakayofuata. Batobato hujionyesha waziwazi: jani hujikunja, huharibika umbo, na huwa na mabaka ya manjano na kijani. Michirizi ya kahawia ni ugonjwa wa hila zaidi. Jani halijikunji. Manjano hufuata vishipa vya jani, aghalabu katika majani ya chini yaliyokomaa, na mtu asiye makini hudhani kwamba ni uzee wa jani tu. Shina husimama, majani ya juu hupendeza, na mwenye shamba hulala usingizi. Siku anapochimba ndipo hukuta ndani ya muhogo mabaka makavu ya kahawia yasiyofaa kwa makopa wala kwa bada. Virusi vya maradhi yote mawili huenezwa na nzi weupe. Vile vile huenezwa na mkono wa binadamu mwenyewe, kwa kuwa muhogo haupandwi kwa punje bali kwa pingili, na pingili hizo hukatwa katika shina la mwaka uliopita na kugawiwa ndugu na majirani bila malipo. Ukarimu huo ndio unaobeba ugonjwa kutoka kijiji hadi kijiji.

Kwa hiyo mkulima anapotazama jani kabla ya kukata mbegu, anasoma. Jani ni maandishi, na usomaji usio sahihi una gharama.

3.0 Mashine inayosoma jani

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani, pamoja na wenzao wa Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Kitropiki, walichapisha matokeo ya kuifunza mashine kusoma jani la muhogo. Picha zilipigwa katika mashamba ya majaribio nje ya Bagamoyo. Picha 2,756 za majani mazima ziligawanywa zikatoa picha 15,000 za vijani, na mashine ikafunzwa kutambua magonjwa matatu na madhara ya aina mbili za utitiri. Katika picha ambazo haikuwa imeziona kabla, modeli bora ilipata asilimia 93. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa programu ya simu iitwayo Nuru, inayotumika hata mahali pasipo na mtandao na inayozungumza na mkulima kwa Kiswahili miongoni mwa lugha nyingine.

Yafaa kueleza kwa ufupi maana ya kufunzwa. Modeli ya namna hii haikuandikiwa kanuni kwamba "manjano kwenye vishipa ni ugonjwa." Ilionyeshwa picha pamoja na jibu la kila picha, ikabahatisha, ikasahihishwa, ikabahatisha tena, na kila ilipokosea tarakimu zilizomo ndani yake zilirekebishwa kidogo. Mwisho wa mafunzo kinachobaki ni vitu viwili: ramani ya namna tarakimu zinavyopangwa katika matabaka, na tarakimu zenyewe, ambazo zaweza kufika mamilioni. Hakuna sentensi ndani yake. Aidha, modeli ya mwaka 2017 haikuanza na ujinga mtupu. Ilianza na modeli iliyokwisha kufunzwa kutambua vitu vya kawaida vya dunia, kisha ikafundishwa mihogo, mfano wa mtu mzima anayejifunza lugha ya pili akiwa na ya kwanza kinywani.

Mafunzo hayo, kwa desturi ya leo, hufanyika kwa Python, lugha iliyotolewa mwaka 1991 na inayopendwa na watafiti kwa wepesi wake. Lakini simu ya mkulima haizungumzi Python. Programu za simu za Android huandikwa kwa Java au Kotlin. Kurasa za mtandao hutumia JavaScript. Vifaa vidogo vya elektroniki hupenda C au C++. Na mtakwimu wa chuo huenda akawa na R. Modeli imezaliwa katika nyumba moja na inatakiwa kufanya kazi katika nyumba nne.

4.0 Njia tatu za kuvuka

Mafundi wana njia tatu kuu za kulivuka pengo hilo, na kila moja ina ndugu yake katika taaluma ya lugha.

Njia ya kwanza ni tafsiri. Fundi huchukua ramani ya modeli na kuiandika upya, tabaka kwa tabaka, katika lugha anayoitaka, kisha huziingiza tarakimu. Kwa modeli ndogo jambo hili lawezekana. Kwa modeli kubwa ni kazi ya kuchosha na yenye mitego, na kila modeli inapofunzwa upya mtafsiri huanza tena.

Njia ya pili ni ukalimani. Modeli hubaki nyumbani kwake, ndani ya Python, katika kompyuta iliyo mbali, na programu ya lugha nyingine huipelekea swali kwa njia ya mtandao na kusubiri jibu. Njia hii ni nyepesi na mijini hutumika sana. Ila mkalimani lazima awepo. Katika baadhi ya vijiji vya Handeni mawimbi ya simu hayaaminiki, na mkulima aliyesimama baina ya matuta hawezi kuambiwa apande kilimani ili akaulize kuhusu jani alilolishika mkononi.

Njia ya tatu ni lugha ya mawasiliano mapana. Modeli huandikwa katika umbizo lisilo la lugha yoyote, na kila lugha hupewa msomaji wa umbizo hilo. TensorFlow, iliyotolewa na Google mwaka 2015, ilipata mwaka 2017 ndugu yake mdogo kwa ajili ya simu, TensorFlow Lite, ambayo tangu 2024 huitwa LiteRT. Mwaka huo huo wa 2017 kampuni za Facebook na Microsoft zilitangaza ONNX, umbizo la pamoja ambalo lengo lake ni kuiwezesha modeli iliyofunzwa kwa chombo kimoja isomwe na vyombo vingine, iwe kwa C++, Java, C# au JavaScript. Kabla ya hapo wengi walikuwa wakihifadhi modeli kwa njia ya asili ya Python iitwayo pickle, ambayo husomwa na Python peke yake. Tena ina hatari yake: faili ya namna hiyo yaweza kubeba maagizo ambayo kompyuta huyatekeleza mara tu inapoifungua.

Msomaji wa historia ya Kiswahili ataitambua njia hii ya tatu mara moja. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa lugha sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ikausimamia uamuzi huo kwa kamusi, sarufi na vitabu vya shule. Faida yake haina ubishi. Katika mashamba ya mkonge ya Korogwe, ambako vibarua walitoka pande zote za nchi na ng'ambo ya mipaka, Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Hata hivyo usanifishaji una ushuru. Kimvita hutofautisha t ya meno na t ya ufizi, na tofauti hiyo hubadili maana. Maandishi sanifu hayakuipa nafasi. Kadhalika umbizo la pamoja la modeli. Operesheni isiyojulikana na umbizo hilo hukataliwa au hubadilishwa kwa nyingine inayokaribiana nayo. Tena, ili modeli ienee ndani ya simu ya bei nafuu, tarakimu zilizoandikwa kwa biti 32 hupunguzwa hadi biti 8. Faili hupungua hadi kufikia karibu robo ya ukubwa wake, na tofauti ndogo ndogo baina ya tarakimu jirani hupotea. Mara nyingi hasara hiyo haionekani. Mara chache huonekana, na kwa kawaida katika yale majani yenye dalili hafifu.

5.0 Kisa cha nyumba moja

Hasara zilizotajwa hadi hapa zinajulikana na huandikwa katika vitabu. Iko nyingine isiyoandikwa, nayo hufahamika vizuri zaidi kwa kisa. Kisa kifuatacho ni cha kutungwa kwa ajili ya mfano, lakini kila kosa lililomo ni kosa la kila siku katika kazi hizi.

Ichukuliwe nyumba moja ya Kabuku, ya mama mjane mwenye mashamba mawili ya mihogo na binti anayesoma chuo. Binti amekusanya picha za majani, amefunza modeli kwa Python, na kwenye kompyuta yake modeli hiyo inajibu sawasawa. Ameihamisha katika umbizo la pamoja na kuiweka ndani ya programu ya simu aliyoiandika kwa Java. Anafika nyumbani mwanzoni mwa vuli.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Umerudi na elimu gani safari hii?"

Anamwonyesha simu. Wanaingia shambani, wanapita mche kwa mche, na kila jani linalopigwa picha simu inajibu kwamba ni zima. Mama anainama na kuyashika majani ya chini.

"Haya mbona yana manjano?"

"Ni uzee tu, mama. Mashine hii imesoma maelfu ya majani."

Mama hakujibu. Jioni ile walikata pingili, wakazifunga mafungu matatu kwa kamba ya katani, na alfajiri fungu kubwa kuliko yote likapakiwa juu ya basi la Korogwe kwenda kwa shangazi yake binti, Magoma, ambaye alikuwa amepoteza mbegu yake katika ukame.

Wiki chache baadaye binti alipokuja tena, mama alikuwa amechimba mashina mawili kwa ajili ya chakula cha mchana. Aliukata muhogo mmoja katikati, akaona rangi ya kahawia, akaukata wa pili. Kisha akauweka kipande kimoja mapajani mwa mwanawe.

"Na hiki nacho ukisomeshe," alisema.

Binti alirudi chuoni, akaichukua picha moja ya jani la shamba lile na kuipitisha katika njia zote mbili. Ndani ya Python modeli ilisema: michirizi ya kahawia. Ndani ya Java modeli ile ile, kwa picha ile ile, ilisema: zima. Tarakimu za modeli zilikuwa sawa hadi ya mwisho. Hakuna kilichoharibika njiani.

6.0 Yasiyoandikwa

Kilichokuwa kimetokea ni hiki. Picha ndani ya kompyuta ni tarakimu tatu kwa kila nukta: kiasi cha nyekundu, kiasi cha kijani, na kiasi cha buluu. Mpangilio wa tatu hizo ni desturi tu, na desturi hutofautiana. Maktaba maarufu ya picha ambayo binti aliitumia ndani ya Python, OpenCV, husoma picha kwa kuanza na buluu, ikafuata kijani, ikamalizia nyekundu. Kwenye simu aliipanga picha kwa kuanza na nyekundu. Modeli haikujua. Ililishwa tarakimu tatu, na ikazisoma kwa desturi ya nyumba iliyoilea.

Matokeo ya kosa hilo yana mantiki ya kutisha. Katika mwanga, manjano ni mchanganyiko wa nyekundu na kijani. Nyekundu na buluu zikibadilishana nafasi, kijani haiguswi, lakini manjano hugeuka kuwa rangi iliyo baina ya kijani na buluu. Kwa hiyo jani zima lilibaki karibu vile vile, na ile dalili moja iliyokuwa ikitafutwa, manjano ya vishipa, ndiyo iliyofutika. Programu haikusimama wala kulalamika. Ilitoa jibu kwa uhakika ule ule iliokuwa nao siku zote.

Mwanaisimu hapa ana la kusema. Kiswahili kina vivumishi vitatu vya asili vya rangi: -eusi, -eupe na -ekundu. Rangi nyingine zilizobaki huazima majina ya vitu. Manjano ni bizari, kahawia ni kahawa, kijivu ni jivu, na kijani ni jani lenyewe. Mama wa Kabuku anaposema jani lina manjano, rangi hiyo kwake imefungwa na kitu anachokijua kwa mkono na kwa pua. Kwa mashine manjano ni nafasi katika orodha, na nafasi haina maana mpaka mtu aseme orodha inaanzia wapi.

Rangi si mfano pekee. Python, Java na C huhesabu vitu vya orodha kuanzia sifuri. R huhesabu kuanzia moja. Modeli haijui jina la ugonjwa wowote. Hutoa namba, na fundi ndiye mwenye orodha ya majina. Orodha hiyo ikihamishwa bila kuangalia inaanzia wapi, kila ugonjwa hupata jina la jirani yake, na batobato yaweza kutangazwa kuwa ni michirizi. Msemaji wa Kiswahili anaielewa hatari hii bila kufundishwa kompyuta. Mgeni akiambiwa mkutano utaanza saa mbili asubuhi, naye akaisoma saa yake kwa kuanzia usiku wa manane, atakuja saa sita kabla ya wakati. Kila neno katika mwaliko lilikuwa sahihi, isipokuwa mahali pa kuanzia kuhesabu, na hapo hapakuwa pameandikwa popote.

Yapo na mengine: iwapo tarakimu za picha ni kuanzia 0 hadi 255 au zimegawanywa ziwe baina ya 0 na 1; picha imepunguzwa kwa kanuni gani; simu iliyoshikwa kwa ubavu imeigeuza picha au la. Faili ya modeli yaweza kubeba maelezo ya baadhi ya haya, lakini ikiwa tu mtu ameyaandika. Haya yote ni pragmatiki ya modeli, yaani yale ambayo wasemaji wa jamii moja hawayasemi kwa sababu kila mmoja wao anayajua.

7.0 Kizigua kilichorudi

Historia ya Handeni yenyewe inatoa ushahidi wa jambo hili kutoka upande wa lugha za binadamu. Katika karne ya 19 Wazigua wengi walichukuliwa utumwani na kupelekwa Somalia. Wajukuu wao waliendelea kukisema Kizigua katika bonde la mto Juba kwa vizazi kadhaa. Vita vilipozuka nchini humo mwaka 1991 walikimbia, na sehemu yao walirudi Tanzania. Kuanzia mwaka 2003 walipewa makazi Chogo, katika Wilaya ya Handeni, na kufikia mwaka 2014 zaidi ya elfu moja miongoni mwao walikuwa wamepewa uraia.

Lugha iliyorudi ilikuwa ile ile kwa mifupa yake: ngeli, viambishi na nomino za msingi zilitambulika. Lakini Kizigua cha Juba kilikuwa kimeishi na Kisomali, na Kizigua cha Handeni kilikuwa kimeishi na Kiswahili. Maneno yaliyoazimwa na desturi za mazungumzo zilikuwa zimekwenda njia mbili. Mfumo ulikuwa umevuka salama. Yaliyobadilika ni yale yanayouzunguka, na hayo ndiyo yanayowafanya watu waelewane au wasielewane wanapokutana kisimani.

Tofauti ni kwamba watu wawili wa Chogo na Kabuku wasipoelewana, mmoja hukunja uso na mwingine hurudia. Binadamu ana njia ya kuonyesha kwamba hajaelewa. Modeli haina uso. Ikipewa tarakimu zilizopangwa visivyo, huzipokea kama nyingine zozote.

Kwa haki ni lazima isemwe kwamba hata pasipo kosa la namna hii kuvuka kuna gharama. Mwaka 2019 watafiti wale wale walichapisha matokeo ya kuipima modeli ndani ya simu, shambani, Tanzania, kwa vijani 720 vyenye ugonjwa. Kipimo cha F-1 kilishuka kwa asilimia 32 kwa picha za dalili zilizo wazi, hasa kwa sababu modeli iliacha kuona vijani vilivyougua. Hapo hapakuwa na lugha ya programu ya kulaumiwa. Palikuwa na jua, kivuli na mkono unaotikisika. Utafiti mwingine wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba Nuru ilipata asilimia 65 kwa jani moja, na kati ya 74 na 88 majani yalipoongezwa hadi sita kwa mche. Katika kipimo hicho maafisa ugani walipata kati ya 40 na 58, na wakulima kati ya 18 na 31. Takwimu hizi zinakataza dharau kwa mashine. Lakini hazitoi ruhusa ya kuliweka kando jicho la mama, kwa kuwa jicho hilo lilikuwa limeiona manjano.

8.0 Hitimisho

Imeelezwa katika makala haya kwamba kuihamisha modeli iliyofunzwa kutoka lugha moja ya programu kwenda nyingine ni tendo la kiisimu, lenye tafsiri, ukalimani na lugha sanifu ndani yake, na kwamba hatari yake kubwa haimo katika tarakimu zinazovuka bali katika desturi zinazoachwa. Mambo matatu yanafuata.

Kwanza, modeli isisafirishwe peke yake. Iambatane na maelezo ya mpangilio wa rangi, vipimo, na orodha ya majina pamoja na mahali inapoanzia. Iambatane pia na picha chache ambazo majibu yake yanajulikana, ili kila lugha inayoipokea ifanye mtihani ule ule kabla ya kuaminiwa. Majibu hayatalingana hadi tarakimu ya mwisho, kwa kuwa hesabu za desimali hutofautiana kidogo baina ya mashine na mashine, lakini jina la ugonjwa halina budi kuwa moja.

Pili, maelezo hayo yapatikane kwa Kiswahili. Vijana wanaozihamisha modeli hizi nchini husoma miongozo ya Kiingereza, huulizana kwa Kiswahili, na huwaeleza wazazi wao kwa Kizigua au Kisambaa. Istilahi za uga huu zinahitaji kazi ile ile ya subira iliyofanywa na TUKI, na sasa TATAKI, pamoja na BAKITA kwa nyanja nyingine. Dhana isiyo na jina ni rahisi kusahauliwa wakati wa kuvuka.

Tatu, mtihani wa mwisho ufanyike shambani, na mwenye shamba awe miongoni mwa wasahihishaji.

Kuhusu binti wa kisa, kosa lake lilirekebishwa kwa mstari mmoja wa programu. Kisha alipanda basi hadi Korogwe na kuendelea hadi Magoma. Alimkuta shangazi yake shambani, na pingili za Kabuku zilikuwa zimekwisha kuchipua.

"Shikamoo shangazi. Ile mbegu, tafadhali tuing'oe."

Shangazi aliitikia salamu, akasikiliza maelezo yote kuhusu rangi zilizobadilishana nafasi, na hakuonyesha hasira. Aliyatazama matuta yake kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Sawa, tutaing'oa," alisema. "Lakini mvua ndiyo hii imeshaanza, mwanangu. Mbegu nyingine nitaitoa wapi?"